Mwenye daftari: shajara ya kutafuta wateja wa tovuti Kisumu

Jumatatu, 6 Januari 2025

Leo sijawasha laptopu. Nimeketi mezani hapa Migosi na karatasi moja, nikaandika kazi zote za mwaka jana. Ni kumi na moja. Mbele ya kila moja nimejaza mambo manne: mteja alinipata kwa njia gani, alilipa kiasi gani cha tulichokubaliana, zilipita siku ngapi kabla ya shilingi ya mwisho kuingia, na kama simu yake ikilia sasa hivi nitaipokea kwa moyo mweupe.

Watano walimaliza kulipa. Wote watano waliletwa na mtu aliyewahi kuniona nikifanya kazi. Wanne walianza kwa ujumbe ule ule, "Tovuti ni pesa ngapi?", bila salamu na bila kusema wanauza nini. Kati ya hao wanne hakuna aliyemaliza. Wawili waliobaki ni jamaa zangu, nao nimewaweka kando kwa sababu hesabu za ndugu haziingii kwenye karatasi hii.

Kwa miaka minne nimepokea kila kazi iliyobisha hodi. Nimechoka, na kibaya zaidi ni kwamba kazi yenyewe imeanza kuharibika mikononi mwangu: nikiwa na watu saba wanaonidai, hakuna hata mmoja anayepata kilicho bora kwangu. Kwa hiyo huu ndio mradi. Hadi mwisho wa Machi nipate wateja wanne wa kudumu, niliowachagua mimi. Sheria ya kuanzia ni moja tu: sikubali kazi siku ile ile niliyoisikia.

Alhamisi, 9 Januari

Niiandike hii leo iishe. Kazi iliyoniumiza kuliko zote mwaka jana ilikuwa ya shule moja ya binafsi, ambayo sitaitaja. Mwalimu mkuu alitaka ukurasa wa mbele wenye picha za maabara. Mwenyekiti wa bodi akanipigia jioni kusema anataka kanisa la shule litangulie. Mhasibu, nilipopeleka ankara, akasema yeye hana habari ya tovuti yoyote. Nilijenga ukurasa ule mara tatu. Salio la shilingi 38,000 halijaingia tangu Septemba.

Jina la tovuti yao, linaloishia .sc.ke, liko kwenye akaunti yangu. Kuna usiku nilifungua ukurasa wa usimamizi nikatazama kitufe cha kuizima kwa muda mrefu. Sikukibonyeza. Wazazi hutafuta nambari ya simu ya shule humo, na wazazi hawana deni langu. Lakini nilijiona mahali ambapo sitaki kusimama tena. Nilikuwa nikiandikisha majina ya tovuti kwa jina langu nikidhani ni dhamana. Dhamana ya namna hiyo humgeuza fundi kuwa mlinzi wa geti. Kuanzia sasa kila jina la tovuti litaandikishwa kwa jina la mteja na baruapepe yake, na dhamana yangu itakuwa arubuni iliyolipwa kabla ya kazi.

Swali ambalo sikuuliza siku ya kwanza, na sasa nimeliandika kwa kalamu nyekundu juu ya karatasi: "Mkitofautiana ninyi kwa ninyi, neno la nani nitalifuata?"

Jumapili, 12 Januari

Kibuye. Jumapili soko hujaa hadi barabarani, na nilitaka kuongea na watu wanaouza kweli badala ya kukaa ndani nikitazama simu. Nilianzia upande wa mafundi seremala. Nilikuwa nimejiandaa na maneno mengi, ila baada ya watu wawili nikaona maneno hayo yanawachosha. Nikabadilisha, nikawa nauliza tu: "Mteja wa mwisho aliyekuletea kazi alikupataje?"

Fundi mmoja wa makochi alinionyesha simu yake. Picha zaidi ya mia mbili, na wateja wote wanakuja kwa WhatsApp, mmoja akimtuma mwingine. Akaniuliza, "Sasa ndugu yangu, tovuti itanifanyia nini?" Nikafikiri, nikamjibu ukweli kwamba kwa sasa haitamfanyia kitu. Anachokosa ni watu kulipata banda lake. Tukakaa robo saa, tukaweka banda lake kwenye ramani ya Google, na picha tano. Sikumtoza. Nilirudi nyumbani bila kazi lakini na fikra moja imenikaa: nimewahi kumuuzia mtu kama huyu tovuti ya shilingi 25,000, na haikumfaa.

Jumatano, 15 Januari

Nimeipelekea shule ile barua ya madai, ukurasa mmoja, tarehe na kiasi. Mahakama ya Madai Madogo hupokea madai yasiyozidi shilingi milioni moja, sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60, na mtu anaweza kujisimamia bila wakili. Nimetaja hilo kwa mstari mmoja tu, kwa adabu.

Jumanne, 21 Januari

Leo nimeelewa jambo.

Nilikuwa nimeingia agroveti moja, duka la dawa za mifugo na pembejeo, karibu na soko la Jubilee kununua dawa ya mbwa wa jirani. Nikasubiri dakika ishirini, maana mama mwenye duka alikuwa na simu sikioni na daftari nene la jalada gumu mbele yake, akiandika. Simu ikikatwa, nyingine inaingia. Ahero, vifaranga hamsini. Luanda, mia moja. Bondo, mia mbili, lakini analipa nusu Ijumaa. Kila ukurasa una mistari aliyoikata na kuandika juu yake. Nikamuuliza, "Mama, hii yote ni ya vifaranga?"

Akacheka, akaniambia, "Nyathina, hii ndiyo inaninyima usingizi." (Mimi ni Mluhya wa Vihiga, lakini nimekaa Kisumu vya kutosha kujua kwamba mama akikuita mwanangu, umepewa kiti.) Akanieleza. Yai hukaa siku 21 kabla ya kuanguliwa, kwa hiyo lazima aagize kwa kituo cha kutotolesha majuma matatu mbele, na ili aagize lazima ajue ni wangapi watachukua kweli. Gari hufika Jumatano alfajiri. Vifaranga wa siku moja hawangoji: asiyekuja kuchukua wake, wanabaki mikononi mwa mama wakihitaji joto, maji na chakula. Na kila Jumatano kuna ugomvi kaunta, wawili wanadai masanduku yale yale, kila mmoja akiapa alipiga simu kwanza. Pesa za nusu hutumwa kwa tili, yaani nambari ya M-Pesa ya kupokelea malipo ya biashara, na kulinganisha majina ya M-Pesa na majina ya daftari humla usiku mzima, kwa sababu mume ndiye anayelipa na mke ndiye aliyeagiza.

Hakuna mahali alipotamka neno tovuti. Sikulitamka mimi pia. Niliomba tu nilione daftari, akanigeuzia. Nikasoma kurasa nne nikaona mfumo mzima umo humo, tayari umebuniwa: jina, simu, aina, idadi, tarehe ya gari, kilicholipwa, kilichobaki. Hata alama alizojitungia zilikuwa na maana. Duara dogo ni mtu aliyewahi kumwacha na vifaranga.

Nimerudi kwenye karatasi ya tarehe 6. Wale watano waliolipa, nimewapitia mmoja mmoja. Duka la sare lilikuwa na kitabu cha vipimo. Mwenye kukodisha mahema na viti alikuwa na kalenda ukutani iliyojaa wino. Kila mmoja wao alikuwa na daftari, kwa umbo moja au jingine. Kazi ilikuwa inatendeka kabla yangu, imewazidi mikono, na mimi nikapunguza mzigo. Wale wanne wa "pesa ngapi" hawakuwa na daftari lolote. Walitaka tovuti ianzishe biashara ambayo haijaanza, na ilipokosa kuianzisha, waliona hawana sababu ya kunilipa. Siwezi kusema walinionea. Niliwauzia mbegu bila kuuliza kama wana shamba.

Ijumaa, 24 Januari

Nimerudi kwa mama wa agroveti na kotesheni. Shilingi 65,000: asilimia 40 kabla ya kuanza, 30 akiona mfumo ukifanya kazi kwa simu yake mwenyewe, 30 baada ya magari mawili ya Jumatano kupita salama. Kiasi cha mwisho nimekifunga kwenye jambo analoweza kuliona kwa macho. Neno "tovuti ikikamilika" limenigharimu miaka. Kila mtu ana siku yake ya kukamilika.

Aliuliza maswali makali kuliko mtu yeyote mwaka jana. Stima ikipotea je? Mteja asiye na simu ya intaneti je? Nani atajibu mambo yakiharibika Jumatano saa kumi na moja asubuhi? Zamani maswali haya yangenitia wasiwasi. Leo nilifurahi, kwa sababu mtu haulizi habari ya saa kumi na moja asubuhi kama hana mpango wa kukitumia kitu.

Alhamisi, 30 Januari

Mkataba umeniweka siku mbili. Ule wa zamani niliunakili mahali nikiwa chuoni, kurasa tisa ambazo hata mimi sikuzielewa. Mpya ni kurasa mbili, kwa Kiswahili, na tumeusoma pamoja kwa sauti pale kaunta.

Kuna kifungu kimoja nataka kila fundi wa tovuti Kenya akijue. Kwa Sheria ya Hakimiliki, kazi uliyoagizwa kuifanya na mtu asiye mwajiri wako huhesabiwa kuwa haki yake imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Kwa hiyo ukikaa kimya, umeshatoa. Nimeandika kwamba haki ya programu inahamia kwake siku malipo ya mwisho yanapoingia, na kwamba vipande vya jumla ninavyotumia kila mahali vinabaki vyangu, yeye akiwa na ruhusa ya kuvitumia milele. Mama akasema, "Ni kama ng'ombe wa mahari, akifika ndiyo neno limeisha." Ndiyo, mama, ni hivyo hasa.

Shilingi 26,000 zimeingia kabla sijafika steji.

Alhamisi, 6 Februari

Mtu wa nyumba ya wageni upande wa Dunga amenitafuta. Vyumba vinane, vinne bado havina milango. Anataka tovuti "ya kuvuta watalii". Nikamuuliza wageni wa mwezi uliopita walikuwa wangapi na waliandikwa wapi. Hakuna kitabu. Pesa zinaingia kwa simu ya mpwa wake. Nilimwambia kwa upole: maliza milango, nunua kitabu cha wageni, andikisha tili kwa jina la biashara, na miezi sita ikipita niite. Hakupenda. Kusema hapana kumeniuma mwili mzima, kodi ya nyumba ni tarehe 5 na ilishapita. Lakini nililala.

Jumanne, 11 Februari

Mvua kubwa, stima haipo tangu saa nane. Nimefanyia kazi saiba ya Kondele yenye jenereta.

Jumatano, 19 Februari

Mambo mawili, moja la hasara.

La hasara ni kliniki. Daktari ni mtu mzuri, daftari analo, tena tatu: miadi, maabara, malipo. Kwa kipimo changu angefaulu. Ila nilipoketi pale mapokezi niliona nywila imeandikwa kwenye karatasi ya rangi na kubandikwa kwenye skrini, na daftari la maabara liko wazi, mtu yeyote anayesubiri anasoma jirani yake ana ugonjwa gani. Nikamwambia tutaanzia hapo. Habari za afya ni nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na watoa huduma za afya wanatakiwa kujisajili na Kamishna wa Data hata wakiwa wadogo. Nilipendekeza kila mfanyakazi awe na akaunti yake, na kumbukumbu ya nani amefungua faili ya nani. Daktari akasema hilo litawachelewesha wauguzi, niwafanyie mfumo kwanza, hayo yatafuata. Tukaachana kwa heshima. Nimeongeza swali kwenye karatasi: daftari linahifadhi siri za nani, na mwenye daftari anazijali?

La pili ni la faida, na limetoka nisikotarajia. Mhasibu mmoja wa Ang'awa Avenue, anayejaza ritani za kodi za maduka mengi, ndiye aliyeniletea kampuni ya kuchimba visima. Nilikuwa nikitafuta wateja kwa kupiga picha za kazi zangu na kuzisambaza, kumbe mtu anayeyaona madaftari yote ya mji ni mhasibu. Yeye anajua nani ana mauzo na nani ana maneno.

Kampuni yenyewe ilinipima kabla sijaipima. Swali lao la kwanza: "Uko kwenye eTIMS?" Huo ni mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA, mamlaka ya mapato. Tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliwi na KRA kupunguza kodi ya biashara, kwa hiyo kampuni inayolipa kodi kweli haiwezi kukulipa kwa ujumbe wa WhatsApp. Swali hilo likiulizwa, jua umeketi na watu wanaoweka hesabu. Wakaniambia pia watakata asilimia 5 ya kodi ya zuio, kama sheria inavyosema kwa huduma za kitaalamu za shilingi 24,000 au zaidi kwa mwezi. Kazi ni 80,000, nitapokea 76,000, na ile 4,000 nitapewa cheti chake, nihesabiwe nikijaza ritani. Miaka mitatu iliyopita mteja mmoja alinikata hivyo nikamwita mwizi moyoni. Alikuwa sahihi, na nilimpoteza kwa ujinga wangu.

Daftari lao ni ubao mweupe ukutani: maombi ya kutembelea shamba, Siaya, Homa Bay, Vihiga, mengine yamefutika nusu kwa mkono wa mtu aliyepita.

Jumatatu, 3 Machi

Mfumo wa vifaranga umeingia Daraja, njia ya Safaricom ya kuunganisha programu na M-Pesa. Jina hilo nalipenda, kwa mara moja kampuni kubwa ilikumbuka lugha yetu.

Siku nne nilikuwa kwenye uwanja wa majaribio, pesa za uongo. Ule ujumbe unaojitokeza kwenye simu ya mteja ukimtaka aweke nambari ya siri ni sehemu rahisi. Ugumu uko baada yake: mteja anaweza kuukataa, kuchelewa, au kukosa salio, na jibu la Safaricom huja kwenye seva yangu kivyake. Seva ikiwa imelala dakika hiyo, pesa imelipwa na mfumo haujui. Kwa hiyo hakuna agizo linaloandikwa "limelipwa" hadi jibu lifike, na kila jioni mfumo unalinganisha maagizo na taarifa ya tili, ukimwonyesha mama yasiyooana. Ndiyo ile kazi iliyokuwa ikimla usiku.

Kutoka majaribio kwenda pesa halisi, lazima msimamizi wa tili ya biashara ahusike mwenyewe. Mama alikuja na kitambulisho, simu na miwani, tukamaliza kwa nusu saa. Hapa nimeona kwa nini lile swali la tili kwa yule wa Dunga lilikuwa na uzito.

Jumatano, 12 Machi

Rafiki ananihimiza niombe zabuni ya serikali. Sheria imetenga asilimia 30 ya manunuzi ya umma kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na cheti cha mpango huo, AGPO, ninaweza kukipata. Nimekaa nalo siku nzima. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti zinaonyesha kaunti zikiwa na mabilioni ya malipo yaliyosubirishwa, na mimi nina akiba ya mwezi mmoja na nusu. Siwezi kukopesha serikali. Nikiwa na akiba ya miezi sita nitalifungua tena hili.

Shule imepiga simu. Mhasibu mpya. Wanaomba kulipa mara mbili. Nimekubali, na nimewatumia maelekezo ya kuhamishia jina la .sc.ke kwao bila kungoja.

Jumatano, 26 Machi

Saa kumi na moja na robo asubuhi, Jubilee. Gari la pili. Nilikuja kwa sababu niliahidi.

Masanduku yalishushwa yakipiga kelele ile nyembamba. Mama alisimama na simu yake, akasoma majina kwa utaratibu wa waliolipa. Mzee mmoja wa Ahero alifika bila ujumbe wowote, ana simu ya vitufe; mama akatafuta nambari yake, akampata, mia moja, salio 0. Dakika thelathini na tano, watu kumi na tisa, hakuna sauti iliyopanda. Vifaranga sita tu hawakuwa na mwenyewe, na hao ni wale wa ziada ambao kituo huongeza kufidia watakaokufa njiani.

Daftari lilikuwa kaunta, kalamu juu yake. Bado anaandika humo, ukurasa mmoja kwa gari moja, majina tu. Nilikuwa nimefikiri ataliacha, lakini sasa naona afadhali aendelee nalo. Mfumo ukianguka, majina yapo.

Hesabu ya mradi: wateja wawili niliowachagua na wanaolipa, wa tatu ni yule wa mahema ambaye amerudi anataka kalenda yake iingie kwenye simu. Wa nne sina.

Shilingi 19,500 za mwisho zimeingia nikiwa bado nimeshika chai. Mama akasema dada yake yuko Busia, anauza vifaranga wa samaki kwa wenye mabwawa, na wanamsumbua kwa simu kama alivyosumbuliwa yeye. Akaniuliza kama nitakwenda.

Nikamuuliza, "Mama, ana daftari?"

"Mawili," akasema. "Na moja limeloa."

Nimekata tiketi ya Jumamosi.